Mkasi wa Guku

Kila nikimpeleka mwanangu kliniki na kusikia harufu ya spiriti, mkono wangu hupanda wenyewe kwenye paji la uso.

Babu yetu tulimwita guku. Kwake chanjo ilikuwa chanjo tu, ya ng'ombe au ya mtoto. Ng'ombe aliyechomwa alikatwa manyoya ya mkiani ili asichomwe tena. Basi nesi wa serikali alipofika kijijini na boksi lake la barafu, guku alisimama pembeni na mkasi uleule. Ukishachomwa, unakatwa nywele hapo juu ya paji. Bure, kama sindano yenyewe.

Siku hiyo tulikuwa na binamu yetu wa Bariadi mjini. Yeye alichanjwa kwenye kliniki mpya ya kulipia, na kichwani alikuwa na nywele za panki alizozipenda kuliko shule.

"Nimeshachomwa mimi!" alilia binamu, guku alipomsukuma kwenye foleni.

"Alama iko wapi?"

"Kule hawakati, guku. Wanatoa pipi."

"Pipi nitaionea wapi? Asiye na alama arudi mstarini."

Nesi alicheka mpaka akaweka sindano chini. Binamu hakucheka. Aliitazama sindano, akautazama mkasi, kisha akachomoka kwenye foleni na kuinamisha panki yake mbele ya guku.

"Kata."

Guku alikata, tena bila ubahili. Akarudi nyuma kidogo, akalitazama lile pengo, akaridhika.

"Sasa hata ukipotelea huko mjini," alisema, "watajua wewe ni wa kwetu."