Dumu la Ulanzi Lililojifungua Ziwani

Aibu niliyoipata Matema sijawahi kumsimulia mtu yeyote yote kwa ukamilifu, hata mume wangu anajua nusu tu, ile nusu ambayo harufu yake nilirudi nayo nyumbani kwenye nguo, lakini leo mmenibana na chai imeshaiva, basi kaeni niwaambie, na atakayecheka kabla sijamaliza nitamshonea sare ya kwaya fupi kuliko wenzake (mimi ndiye fundi cherehani wenu hapa Mafinga, nina uwezo huo).

Ilikuwa hivi. Upendo, binti wa marehemu kaka yangu wa Nyololo, aliolewa Kyela kwa Wanyakyusa, na harusi yenyewe ilifungwa Mbeya mjini haraka haraka, watu wakala, wakapiga picha, wakatawanyika, pande mbili hazikupata hata nafasi ya kukaa na kujuana. Sasa baba mkwe wake, Mzee Ambokile, mfanyabiashara wa kokoa na mchele, akatuma mwaliko: tushuke kwao, amelipia viti kwenye meli ya starehe inayowatembeza watu Ziwa Nyasa, tule chakula cha mchana humo humo majini, familia zifahamiane. Wifi yangu, mama yake Upendo, mguu ulikuwa umemvimba hata kiatu hakiingii, kwa hiyo nikatumwa mimi peke yangu, ukoo mzima nikaubeba mabegani.

Na Upendo alikuwa ameshanipigia simu, sauti ya chini kama mtu aliyejificha stoo, "Shangazi, nakuomba, njoo vizuri. Baba mkwe hanisemi vibaya, lakini hanisemi chochote. Tangu nimefika ananiangalia tu." Mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, shangazi yake anajua kuingia kwa watu. (Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo.)

Mhehe haendi kwa wakwe mikono mitupu, na sisi tulikuwa na kitu kimoja tu ambacho pesa za Mzee Ambokile zisingeweza kununua: ulanzi wa kaka yangu. Ile milanzi, mianzi yenyewe inayotoa pombe hiyo, nyuma ya nyumba aliipanda kwa mkono wake, na masika ile ilikuwa inatoa kama vile inajua kuna safari. Kwa asiyejua, ulanzi ni pombe ya mwanzi, inagemwa kwenye machipukizi, ikitoka ni tamu kama juisi, ikikaa inakuwa kali, na hapo katikati, inapovuka kutoka utamu kwenda ukali, inachemka yenyewe bila moto. Tukajaza dumu la lita ishirini. Wifi akalifunga kifuniko kidogo tu, akaniambia, "Usilikaze, wifi. Huu unapumua." Nikamjibu kwamba na mimi nimezaliwa Mufindi, si Ulaya.

Na kweli njia nzima niliutunza kama mgonjwa. Basi lilipotoka kwenye baridi yetu likapita Makambako, likapita Mbeya, nikawa nainama kila mara kulegeza kifuniko, unafanya *fsss*, kondakta ananitazama, mimi natazama dirishani. Lakini tulipoanza kuteremka kutoka Tukuyu, migomba na chai vikabaki juu na joto la Kyela likatupokea kama mtu kafungua mlango wa tanuru, nikasikia lile dumu limeanza kuwa na mambo yake miguuni mwangu. Nikalala kwa wakwe, dumu uani, kifuniko wazi, nimelifunika kitambaa. Asubuhi tukaenda Matema.

Jamani, ziwa. Mimi nimeliona ziwa kwenye kalenda, nikadhani nimeliona. Pale nilisimama kwenye mchanga nikashindwa kuongea, na mnanijua. Maji yanaanza miguuni pako halafu hayaishi, yanakwenda mpaka yanashikana na mbingu, na upande wa pili milima ya Livingstone imesimama wima moja kwa moja kutoka majini, haina hata pa kuegemea, wingu limeikata kiunoni, na kule juu ya wingu mlima bado unaendelea. Nilijisikia mdogo, mdogo kama kifungo kilichodondoka chini ya cherehani. Mama Gwamaka, mama mkwe wake Upendo, akanishika mkono akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Mwagonile, mkwe, twende, meli haisubiri," ndipo nikakumbuka nina miguu.

Na meli yenyewe! Nyeupe, ghorofa mbili, vitambaa mezani, na mlangoni kijana amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani kama rubani. Akaona dumu langu. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Hicho ni kinywaji? Ukiingia na kinywaji chako kuna kokeji."

Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Halina koki, lina kifuniko tu."

Watu nyuma yangu wakacheka. Kijana hakucheka, akanieleza: kokeji ni ada ya kufungulia humo melini kinywaji ulichokuja nacho, kwa sababu wao wana baa yao, na inahesabiwa kwa chupa. Lita ishirini wakizigeuza kuwa chupa, akanitajia hesabu yake, nikahisi ziwa limeyumba wakati bado niko nchi kavu. Ilikuwa karibu pesa yangu yote, pamoja na nauli ya kurudi. Nikamuuliza, "Na kama sifungui?" Akasema, "Kama hufungui hulipi, mama. Lakini lazima kiwe kimefungwa kabisa na sisi tuweke alama."

Hapo ndipo lilipo kosa lote, wenzangu. Mzee Ambokile alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, mkono unaelekea mfuko wa koti, na mimi nikaona hapana, mgeni wa kwanza wa ukoo wetu asianze kwa kulipiwa kama mtoto wa shule. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Hakifunguliwi mpaka turudi nchi kavu!" Nikakishika kifuniko nikakikaza kwa nguvu zote za mkono unaokata vitenge tangu ujana wake, na kijana akazungushia selotepu pana ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, raundi na raundi, akaandika juu kwa kalamu nene: HAKIJAFUNGULIWA. Sauti ya wifi niliisikia kichwani, sikatai, lakini nilijiambia ni saa chache tu.

Tukapanda juu. Dumu likawekwa pembeni mwa meza yetu, ukingoni mwa turubai la kivuli, jua likilipiga. Meli ikang'oa nanga, na mimi nikasahau kila kitu, kwa sababu upepo ule, na yale maji yanayobadilika rangi, kijani, halafu bluu, halafu bluu nyingine ambayo sijawahi kuipata kwenye duka lolote la vitambaa. Meza ya jirani alikaa haji mmoja muuza nguo wa Mbeya na mkewe, kanzu yake nyeupe inaumiza macho. Nikamwambia, "Haji, haya maji yana mwisho kweli?" Akanijibu taratibu, "Mama, mimi nimekuja hapa mara nyingi, na kila mara nauliza hivyo hivyo."

Baada ya wali na samaki nikageuka, nikaliona dumu. Lilikuwa limenenepa. Zile pembe zake zimepotea, limekuwa la duara kama mtu aliyeshiba, na tako limeumuka mpaka halikai vizuri, kila meli ikiyumba kidogo nalo linaitikia. Nikamwita Upendo kwa jicho. Akaja, akalitazama, akabadilika rangi. "Shangazi, lifungue!" Nikamnong'oneza, "Nikifungua nalipa, na nimeapa mbele za watu." Akasema, "Basi litolewe hapa." Nikaligusa, nikasikia linatetemeka ndani kama ng'ombe anayetaka kuinuka, nikaondoa mkono. Nilichofanya (sikilizeni akili ya mtu mzima) nilivua mtandio wangu nikalifunika, ili nisilione.

Wakati huo meli ilikuwa imesogea chini kabisa ya mlima na nahodha kapunguza injini, maana pale kuna maporomoko, maji meupe yanateremka kutoka mawinguni, yanadondoka kimya kimya kwa umbali ule, na watu wote wakanyamaza bila kuambiwa. Mzee Ambokile akaona ndiyo saa yake. Akasimama, suti ya kijivu, mikono nyuma, akakohoa. Upendo nilimuona anakunja kitambaa cha mezani mpaka kikawa kama kamba.

"Nimekaa kimya muda mrefu," Mzee akaanza, "lakini leo, mbele ya shangazi yake, nataka kusema jambo moja kuhusu huyu binti—"

PUUU!

Sijui niwaelezeje. Kifuniko kilipiga dari la turubai kikarudi kikavunja sahani, mtandio wangu uliruka ukaenda zake ziwani, sijauona tena mpaka leo, na ulanzi ukainuka. Hamjawahi kuona pombe ikisimama wima. Nguzo nyeupe, ya povu, imesimama katikati ya meli kama yale maporomoko yenyewe yameamua kurudi juu, na kwa kitambo kifupi (nakiri, katika hofu yangu yote) niliitazama nikasema moyoni, kumbe kaka, ulikuwa na nguvu hizi. Halafu ikashuka. Ilishuka juu ya Mzee Ambokile, ikashuka juu ya wali uliobaki, ikashuka juu ya kanzu ya haji.

Watu wakalala chini. Nahodha akazima injini akidhani imepasuka. Mama mmoja akaanza wimbo wa mazishi, na wengine, jamani, wakamwitikia kwa sauti zote nne. Mimi nilibaki nimesimama peke yangu, kichwa wazi, natiririka, na harufu yetu ya Nyololo imejaa ziwa zima.

Yule kijana wa mistari akapanda ngazi mbio. "Nani amefungua?"

Nikamwambia, "Limejifungua lenyewe."

Kutoka chini ya meza sauti ya Mama Gwamaka ikauliza, "Mtoto gani?" Na hapo meli nzima ikapasuka kwa kicheko kile cha watu waliogundua hawafi, isipokuwa watatu: mimi, Upendo, na Mzee Ambokile.

Nilimwendea haji kwanza, nikapiga magoti. "Baba, naomba radhi. Ni pombe, siwezi kukudanganya." Akaitazama kanzu yake, akaliangalia ziwa, akasema, "Inuka mama. Hukukusudia. Na ziwa lote hili nikose maji ya kufulia?" Akateremka na mkewe chini, nikasikia ndoo inazamishwa.

Mzee Ambokile alikuwa hajasogea. Povu linamdondoka kwenye nyusi. Akauliza polepole, "Hiki ni kitu gani?" Aliyejibu ni Upendo. Alisimama, machozi yanachanganyika na ulanzi.

"Ni ulanzi, baba. Wa marehemu baba yangu. Milanzi aliipanda mwenyewe. Shangazi alikuletea wewe."

Mzee akatoa leso, akajifuta jicho moja, halafu la pili, akaikunja leso kwa utaratibu wake wote.

"Nilichotaka kusema," akasema, "ni kwamba huyu binti amekaa nyumbani kwangu, na mimi sijawahi kumuuliza habari za baba yake. Niliona haya kumtonesha kidonda. Nikawa namwangalia tu, sijui nianzie wapi." Akalitazama lile dumu, lililokuwa bado linatoa povu taratibu. "Sasa leo mkwe wangu, baba yake, amekuja mwenyewe. Na amebisha hodi kama mwanaume."

Akachukua glasi, akainama, akajimiminia kidogo katika kilichobaki, akanywa yote amesimama, akifumba macho. Kisha akamshukuru sana kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, binti yangu," na Upendo akamwangukia kifuani pale pale, suti imeloa, hakuna aliyejali.

Ada nililipa. Kijana alitaka kusamehe, Mzee alitaka kulipa, nikakataa wote wawili, maana ulanzi ulikuwa wetu na ulikuwa umenyweka mpaka tone la mwisho, meza zote zikipitisha glasi. Nauli ikaishia hapo. Wakwe nikawaambia nina lifti (kwa aibu, sikuwaambia ya nini), na nilirudi Mafinga nimekaa mbele kwenye lori la ndizi, dereva amefungua madirisha yote mawili kwa sababu ya harufu yangu, ananiuliza kila kilima, "Mama, uko salama kweli?"

Basi, wenzangu, nimeapa na mashahidi ni nyie. Kitu kinachopumua sikikazi tena kifuniko kwa ajili ya kukwepa ada au kulinda sifa, maana kitapumua tu, na kitachagua wakati mzee amesimama kuhutubia. Na mkija kunikuta melini nimetulia karibu na dumu lililofungwa selotepu, nawaomba msinisalimie. Rukeni majini kwanza, maswali mtaniuliza tukifika nchi kavu.