Mtani Alipoichukua Baiskeli ya Mama

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, hunirudisha Mpwapwa kila ninapoipata, hata niwe pembeni mwa stendi ya mji nisioujua. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, hupanda puani na kukaa. Kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ua wetu ulinuka solusheni wiki nzima, kwa sababu mama alikubali kuniazima baiskeli yake, na baba yangu mdogo, Nehemia, aliikagua kila jioni kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Aliipindua magurudumu juu, akatoa mpira na kuuzamisha kwenye karai la maji, kisha akainamisha sikio kutafuta povu. Ilikuwa baiskeli ya kike ya Kichina, rangi ya kijani, yenye kikapu mbele na kiti kilichovikwa kitambaa ambacho mama alikifuma mwenyewe, maua mekundu na meupe.

Ilikuwa miaka ya ruhusa, soko lilipofunguliwa na maduka yaliyokuwa na sabuni ya mche na viberiti yakaanza kujaa redio, viatu vya mtumba na biskuti za kila rangi. Kampuni moja ya soda ikatangaza mashindano ya baiskeli ya siku kadhaa kupita mikoani. Gari la vipaza sauti lilizunguka mji wetu likirusha kofia za karatasi, likisema kwamba waendeshaji wangelala Mpwapwa, na Jumamosi wangekimbia hadi Dodoma. Waendeshaji wa kulipwa! Neno hilo sikulielewa kabisa. Mama alikuwa mkunga, aliendesha kila siku kwenda vijijini kupima wajawazito, njia za mchanga na makorongo, na sijapata kusikia mtu akimlipa kwa kukanyaga pedali. Baba mdogo, ambaye alikuwa bwana mifugo na alikuwa likizo, akasema tutawafuata hadi Dodoma, yeye na mimi.

Baba hakutaka. "Mtoto wa kike na baiskeli mpaka Dodoma? Watu watasema nini?"

"Watasema wamemwona Damari," mama akajibu akinitazama, ungo wa uwele mikononi. "Mimi wananiona kila siku, mbona hawajaishiwa maneno?"

Baba akakubali kwa shingo upande, akaweka sharti lake. Baiskeli ikirudi na hata spoki moja iliyopinda, au isiporudi, mama akalazimika kwenda kazini Jumatatu kwa miguu, basi mimi na baiskeli tumeachana maisha. Mama alilipokea sharti kwa niaba yangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, lakini asubuhi ile ya Ijumaa nilipotoka nje ya mji nikiwa nyuma ya baba mdogo nilijiona nimesitirika kuliko malkia.

Tulitangulia siku moja ili mashindano yatukute njiani. Milima ya Kiboriani ilikuwa bado na ukungu mabegani, na barabara ya vumbi jekundu ilipinda kati ya majabali makubwa kana kwamba mtu aliyapanga kisha akaitwa kula. Upepo wa Julai ulikuwa mkavu, ukinuka makapi ya mtama na mavi ya ng'ombe. Kwenye mteremko wa kushuka upande wa Kongwa niliachia breki. Kikapu kililia, machozi yakanitoka yakakimbilia masikioni, na nilisikia sauti ikipiga kelele mpaka nikagundua kwamba ni yangu. Wachungaji walisimama juu ya vichuguu na kutupungia fimbo. "Mbukwenyi!" wakatusalimu, na tulipokwisha kupita nikasikia mmoja akimwuliza mwenzake kama yule alikuwa msichana au jini. Kutembea bure si sawa na kukaa bure. Siku ile nilijua kwamba kukaa hakutaniweza tena. Jioni tulifika Mbande kwa shangazi, tukala ugali wa uwele na mlenda mpaka bakuli likang'aa.

Kesho yake tulishika lami alfajiri. Tulikuwa tukipanda kilima kirefu, jua limeshachoma migongo, niliposikia nyuma yetu mlio kama wa nyuki wanaohama. Nikageuka. Walikuwa wanakuja! Fulana za manjano, nyekundu na bluu, migongo imeinama, minyororo inanong'ona, na mbele yao gari linapiga honi. Walitupita pande zote mbili kwa upepo uliotaka kuniangusha, wakiacha harufu ya jasho na mafuta ya kuchua misuli. Wa mwisho katika kundi alikuwa mtu mrefu mwenye fulana iliyoandikwa TABORA mgongoni, na baba mdogo alipoona neno hilo akasahau uchovu wote.

Lazima nieleze hapa. Wagogo, yaani sisi, na Wanyamwezi wa Tabora ni watani tangu zama za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipopita nchi yetu kavu wakiomba maji na kutukanana nasi. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele za watu, kukunyang'anya kofia au jogoo, nawe huruhusiwi kukasirika. Akichukua kitu chako, unakikomboa kwa kitu kingine au kwa maneno makali kuliko yake. Anayenuna ameshindwa.

"Tabora!" baba mdogo akapiga kelele. "Babu yako alipanda hapa na mzigo kichwani, wewe huna hata kifurushi na bado unahema?"

"Mgogo, waachie ng'ombe barabara!" yule mtu akajibu bila kugeuka. "Mnafanana, nitawagonga ninyi nikidhani ni wao!"

"Ukishindwa useme, tukupe baiskeli ya kweli!"

Mdomo huponza kichwa. Tulipopita Buigiri tukamkuta Tabora ameketi ukingoni mwa lami, baiskeli yake nyembamba magotini. Mkono wa pedali ulikuwa umekatika kama muwa, na gari la vipuri lilikwenda zamani na wanaoongoza. Asipofika Dodoma kabla muda haujafungwa, alituambia, angetolewa mashindanoni, na yeye alikuwa wa tatu kwa jumla ya siku zote. Aliitwa Maganga. Alipomtambua baba mdogo, uso wake ukafunguka.

"Mtani! Si ulisema utanipa baiskeli ya kweli?"

Akaitazama ya baba mdogo, chuma kizito chenye karia ya kubebea madebe. Akaitazama yangu. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Nilimwona akilini mama Jumatatu akitembea mchangani na begi lake la kazi, nikafungua mdomo kukataa, lakini baba mdogo akanigusa bega. "Ukinuna tumekwisha, mwanangu," akasema polepole. Nikaachia. Maganga alichukua spana yetu, akapandisha kiti, akarukia juu ya maua ya mama na kuondoka, magoti yakipishana na kikapu. Sikuwahi kuona baiskeli ile ikikimbia hivyo. Hata katika hofu yangu nilijikuta narukaruka na kumshangilia.

Kilomita zilizobaki nilikaa kwenye karia, nimepitisha kichwa na bega katikati ya baiskeli ya Maganga, iliyokuwa nyepesi kama sufuria tupu. Baba mdogo alikanyaga akigumia na kucheka kwa zamu. "Mgogo amekuwa mpagazi wa Mnyamwezi! Babu zetu wakisikia watafufuka."

Tulipofika uwanjani Dodoma, washindi walikuwa wameshapewa vikombe vyao. Lori lilikuwa likipakia vifaa kwenda Singida, na juu kabisa, kati ya matairi na mabegi, imefungwa kamba, niliona kikapu cha mama. Maganga alikuwa ameegemea lori na chupa ya soda mkononi. Alifika wa mwisho, lakini ndani ya muda, na watu walisema uwanja ulimshangilia kuliko aliyeshinda.

"Mmechelewa, watani," akasema. "Baiskeli imeshahamia Tabora. Mkiitaka, ikomboeni."

Baba mdogo aliinamia usukani akihema. Watu wakakusanyika. Machozi yalikuwa yamefika kopeni, na nilijua yakidondoka tu, mama ametembea kwa miguu. Ndipo nikakumbuka chuma kilichokuwa shingoni mwangu.

"Basi hii nayo imehamia Mpwapwa," nikasema. "Usukani wake una pembe, tutafungia mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Maganga akaweka soda chini. "Mtoto, hiyo ni roho yangu!"

"Na ile juu ni miguu ya mama yangu."

Maganga akapanda lori mwenyewe, akafungua kamba na kuishusha baiskeli kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeshusha mtoto. Tulibadilishana pale pale. "Huyu mmemwiba kwetu," akamwambia baba mdogo. "Hakuna Mgogo mwenye ulimi huu."

Jumapili tulirudi kwa basi, baiskeli zote mbili juu ya paa. Mama alizungusha magurudumu, akahesabu spoki kwa kidole, akauliza nani alipandisha kiti. Nilipomsimulia alikaa chini kwa kucheka. Jumatatu hakukishusha kiti, aliendesha kwa ncha za vidole vya miguu ili kila mtu amwulize, naye ajibu kwamba ilikuwa mashindanoni. Na jioni ile baba alinipa spana yake mwenyewe, akaniambia niwe naikaza baiskeli ya mama kila Jumamosi.

Tangu hapo sijatulia. Siku hizi nazunguka minada ya mifugo kwa gari langu dogo nikiuza dawa za kuogeshea ng'ombe, na Dodoma nayo imekimbia. Treni ya umeme inapita, uwanja mpya wa ndege uko Msalato, na Ihumwa tuliyoijua kuwa miiba mitupu imejaa maghala. Mwaka jana, karibu na hapo, nilimwona kijana aliyevaa kofia ya waendesha baiskeli, amesimama na gurudumu mkononi, akinipungia. Nilipunguza mwendo. Nikamtazama, nikatazama begi langu la fedha za mauzo kwenye kiti, nikabonyeza kitufe cha kufunga milango na kupita. Nilikwenda kama kilomita tatu, kisha nikageuza gari katikati ya honi za malori. Nilipofika nilimkuta anapandisha baiskeli yake kwenye karia ya baiskeli ya mzee mmoja aliyebeba maboga, wakitukanana kitani na kucheka. Nilisimama ng'ambo ya barabara nimeshusha kioo, nikiwasikiliza mpaka walipoondoka.