Herufi Yangu Moja Iliua Mgomo Wetu, Nikamsingizia Mpiga Ngoma

Mniite mnavyotaka. Mimi ndiye niliyekosa, na niliyemtwisha kosa langu si adui yangu. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, na hakunifanyia ubaya wowote.

Jina langu sitalitaja. Najua wa Nyamirambo hapa Kigali mtanitambua kabla hamjafika katikati, lakini niacheni nijifiche hata kidogo, aibu ni kubwa jamani!

Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa katibu wa tawi la mashabiki wa timu yetu ya mpira. Timu siitaji. Niseme tu kwamba rangi yetu ilikuwa zambarau, na kila bendera ya zambarau mliyowahi kuiona uwanjani niliishona mimi.

Basi timu ikanunuliwa na tajiri mmoja mwenye kiwanda cha magodoro. Tulimpokea vizuri, tukamwimbia. Tukamwita Bosi.

Msimu haujaanza, Bosi akabadilisha jezi. Akaondoa zambarau, akaleta kitambaa cha maua. Maua makubwa ya machungwa na majani yake, yale yale yaliyo kwenye magodoro yake! Wachezaji wetu wakaingia uwanjani kama vitanda vilivyoamka. Mashabiki wa wenzetu wakawa wanatupigia kelele dakika tisini: "Muryame! Muryame!" Yaani, laleni zenu! Kipa wetu alilia. Mtu mzima, ana watoto wawili.

Tukakaa kikao. Tukasema Bosi haogopi kelele, anaogopa biashara yake isipotembea. Tukaamua kugoma: hakuna kuingia uwanjani, hakuna kununua jezi ya maua, hakuna kununua godoro lake, hata la mtoto mchanga.

Na mgomo ukashika! Sikuamini. Mechi mbili majukwaa yalikuwa matupu, kocha akikohoa unamsikia kutoka barabarani. Bwana harusi mmoja wa tawi letu alikataa godoro la Bosi, na kwa kuwa hilo tu ndilo lililokuwepo dukani, akaanza ndoa yake kwenye mkeka. Bibi harusi alinuna wiki nzima, lakini mumewe hakununua.

Hapo Bosi akalegea. Akatuma mtu kwa mwenyekiti wetu na ujumbe huu: pigeni kura, ninyi wanachama wenyewe. Wengi wakitaka mgomo uendelee, nitakaa nanyi mezani na zambarau itarudi. Wasipotaka, maua yanabaki.

Tulicheka! Nani angekosa kura hiyo? Ilikuwa imebaki kuinua mikono tu, zambarau irudi nyumbani.

Kazi ya kuandika tangazo ikaniangukia mimi. Na hapa lazima niwaambie ugonjwa wangu. Mimi nilizaliwa ukimbizini Bujumbura, nikakulia Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kinaongewa tangu mtoto hajaota meno. Niliporudi Kigali nikakuta watu wanachanganya R na L. Wanakura wari. Wanarara mapema. Nami nikajifanya mwalimu wa mji mzima! Mteja akiniambia "suruari" sipimi kiuno chake mpaka aseme suruali. Watu walinivumilia tu, kwa sababu nashona vizuri.

Nikaandika tangazo kwenye simu. Nikalisoma. Nikaona "kura, kura, kura". Nikashtuka! Nikajiambia: ewe mwana wa Buyenzi, na wewe umeambukizwa! Kwa miaka yote hii nimesikia watu wakisema "twende tukakure", kumbe imeniingia mpaka vidoleni. Kwenye kila kura nikafuta R, nikaweka L. Nikajisifu hata. Aaah, Mungu wangu!

Tangazo nikamtumia Rajabu. Rajabu si jina lake. Ndiye mpiga ngoma wetu, na simu yake peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kurusha matangazo kwenye kundi, ili pasitoke maneno mawili. Kila asubuhi alipita kibandani kwangu tukanywa chai.

Hazikupita dakika tano, akanipigia.

"Katibu, hapa iko kura ao kula?"

"Imeandikwaje?"

"Kula. Ya kukura chakura. Rakini sisi si tunapiga kura?"

Nikawaka! "Rajabu, wewe wa kunifundisha Kiswahili mimi? Mimi wa Buyenzi? Tuma kama ilivyo, usiguse hata nukta!"

Akasema, "Sawa, Katibu." Akatuma.

Mke wangu alikuwa karibu, anachambua maharage. Alisikia kila neno. Mkumbuke hilo.

Tangazo lenyewe lilisomeka hivi, nami nalijua kwa moyo kama sala:

"Ndugu wanachama. Jumamosi baada ya umuganda, saa nane kamili, uwanja wa shule, ni siku ya kula. Kila mwanachama ana haki ya kula moja tu. Kula ni siri, ni marufuku kuchungulia ya mwenzako. Watoto hawaruhusiwi kupiga kula. Kula zitakazoharibika hazitahesabiwa. Tukimaliza kula, Bosi atajua sisi ni nani."

Jamani!

Siku hiyo watu walikuwa wametoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, asubuhi nzima wamechimba mitaro ya maji. Chakula cha mchana hawakula, maana waliambiwa kipo. Saa nane nafika uwanjani na sanduku langu la kura nililolitengeneza kwa boksi la sabuni, nakuta umati ambao hata fainali hatujawahi kuupata. Kila mtu na sahani! Wengine na vijiko. Mama mmoja alikuja na sufuria lenye mfuniko, akanieleza kwamba kwa kuwa kula ni siri, yeye atafunika. Watoto ndio usiseme, wazazi waliwaleta wote kwa hasira, kwamba ni tawi gani hili linalokataza watoto kula!

Mwenyekiti akanivuta pembeni. Jasho linamtoka.

"Katibu, chakura iko wapi?"

"Chakula gani tena, Mwenyekiti? Tumekuja kwa kura."

"Ndiyo! Tumekuja kukura! Watu iko na sahani, sha! Uriwaambia nini?"

Nikafungua simu. Nikasoma kwa macho ya mtu mwenye njaa. Kila mahali, kula!

Tungeweza kuwaambia ukweli pale pale. Tungesema ni kosa, samahanini, inueni mikono mara moja muende nyumbani. Lakini mimi nikaogopa. Nikabaki nimekumbatia boksi langu la sabuni kama mjinga, watu wakaanza kugonga sahani kwa vijiko. Na Rajabu akadhani wanataka ngoma, akaipiga! Ikawa sherehe.

Habari zilimfikia Bosi. Zilimfikiaje sijui, kwenye kundi hakuna siri. Haikupita saa nzima, malori mawili yakapanda mteremko. La kwanza lina mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na makreti ya soda. La pili limejaa magodoro.

Bosi akashuka, mikono wazi, uso wa huruma.

"Watoto wangu, nimesikia muko na njaa! Mbona hamukuniambia? Na munasimama hivi, hakuna hata kiti? Ikaraneni!" Yaani kaeni chini. Vijana wake wakatandika magodoro uwanja mzima.

Nani angekataa? Walikuwa wamechimba mitaro! Wakakaa. Wakala. Yule bwana harusi wa mkeka akajilaza kwenye godoro, akafumba macho, mkewe akamwangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Nami nilikula, nisiwadanganye. Mishikaki mitatu. Ilikuwa imeiva vizuri.

Bosi akamgeukia mwenyekiti, mpole kabisa. "Haya, kura yenu. Tuimalize mbele yangu."

Mwenyekiti akasimama juu ya godoro, linabonyea, anayumba. "Wenye wanataka mugomo uendelee, wainue mikono!"

Mikono gani? Mmoja una mshikaki, mwingine una soda! Nilihesabu mikono minne, na mmoja ulikuwa wa mtoto anayeomba ndizi. Mpiga picha wa Bosi akapiga picha. Kesho yake tulikuwa kwenye kila simu ya Kigali: wagomaji wa Nyamirambo, tumelala kwenye magodoro ya tuliyemgomea, midomo inang'aa mafuta.

Mgomo ulikufa pale. Maua yakabaki.

Jumapili baada ya misa kamati ikakutana, Rajabu naye akiwemo. Watu walikuwa wamechafukwa. Kila mmoja alidai yeye hakula sana. Mwenyekiti akauliza swali moja: nani aliandika hivi?

Wote wakanitazama. Mimi, mwana wa Buyenzi! Mimi niliyewasahihisha wote mle ndani, mmoja mmoja, kwa miaka! Nikaona watakavyonicheka. Nikaona mteja anaingia kibandani na kusema "suruari" makusudi, nami sina la kumjibu.

Nikafungua mdomo. "Mimi niliandika kura, kwa R. Lakini mnamjua Rajabu na herufi zake."

Wakaamini papo hapo. Rajabu ni mtu wa ninakura, ninarara, kila mtu anajua. Hakuna aliyeomba kuona simu yangu. Mmoja akasema labda Bosi alimlipa. Mwingine akasema ndiyo maana alipiga ngoma siku ile, alikuwa anatuita kwenye mtego. Uongo wangu ulikuwa wa herufi moja, wao wakaujengea nyumba na paa.

Rajabu aliniangalia. Nilingoja apige kelele, aseme kwamba aliniuliza nami nikamfokea. Akasema tu, "Sawa, Katibu." Wakamnyang'anya ngoma, wakamtoa kwenye kundi, akaondoka kwa miguu.

Jioni mke wangu akaniuliza kikao kimekwendaje. Nikamwambia. Akaweka kijiko chini. "Yule mutu alikuuliza mara mbili kwenye simu. Mimi nilisikia. Umemuuza kwa sababu ya L?"

Tangu siku hiyo ananipikia, ananisalimu, lakini hacheki na mimi.

Uwanjani tulirudi, maana mgomo ulikuwa umekwisha. Tuliimba bila ngoma. Kila mtu na mapigo yake, wengine wanamaliza wimbo wengine ndio wanaanza. Nani alijua kwamba mtu mmoja ndiye aliyetufanya tuwe kitu kimoja? Asubuhi chai nikawa nainywa peke yangu, nikamwaga nusu.

Nilikwenda kuungama kwa padri. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye "kula ni siri" nikasikia upande wa pili anakohoa. Hakuwa anakohoa, alikuwa anacheka! Baadaye akajituliza, akaniondolea dhambi, akasema, "Kwa Mungu imekwisha. Kwa yule mtu bado. Nenda."

Nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Kibagabaga. Nilisikia Rajabu anashangilia huko siku hizi, timu ya voliboli ya wasichana wa shule moja, timu isiyo na bosi wala jezi mpya. Nikamkuta anapiga jerikani kwa vijiti viwili, jasho linatiririka, wasichana wanacheza kwa mapigo yake. Nikasubiri mechi iishe.

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia kila kitu, nikalia mbele ya wasichana wale, wakajifanya hawaoni.

Rajabu akajifuta uso. "Mimi usiniambie, Katibu. Mimi si nirikuwa pale? Nirijua siku ire ire."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuaibishe mbere ya watu? Wewe rafiki yangu." Akageuza jerikani, akalikalia. "Ungenipigia simu usiku wa kuamkia kikao, useme Rajabu, nibebee hii, mimi nitaaibika. Ningebeba! Nichekwe mimi, kwani mimi huwa sichekwi? Lakini hukuniomba. Urichukua tu."

Sikumsahihisha hata herufi moja. Ilikuwa mara ya kwanza.

Akaniambia kama nataka kusema, niwaambie wao waliomtoa, si yeye. Ndiyo nimeandika hapa, kwa kuwa najua nusu ya tawi husoma ukurasa huu na nusu nyingine husomewa. Na Jumamosi kuna mkutano, nitasimama na uso wangu huu huu. Ukatibu wachukue. Wanicheke mpaka wachoke.

Ninyi mashabiki wa timu nyingine mnaotaka kumbana tajiri wenu, nawasihi mnisikie. Inawezekana! Msimsikilize anayewaambia hamna nguvu. Tulimfungia Bosi mifuko yetu na alitetemeka, niliona kwa macho yangu. Lakini kuleni kwanza nyumbani kwenu. Na mtu akiwauliza "una hakika?", msimfokee, angalieni tena. Na mkikosa, semeni "ni mimi" siku hiyo hiyo, kabla kosa halijampata mwingine.

Sisi tulitaka kumwajibisha mwenye timu. Yeye anauza magodoro kuliko zamani, na ile picha yetu ameibandika dukani. Mtu pekee tuliyemwajibisha kweli, tukamnyang'anya kila kitu, ni yule aliyekuwa anatupigia ngoma. Na wa kulaumiwa ni mimi.