Mkate wa Mgeni

Kanyshai alikuwa mfanyakazi wa shirika dogo mjini Naryn, linalowatetea waathiriwa wa uhalifu. Wengi wao walikuwa wasichana waliotekwa ili waolewe. Sheria inakataza jambo hilo; vijiji huliita harusi. Kazi ilikuwa na sharti moja: msichana havutwi mkono. Ataulizwa, atajibu, kisha atatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Alasiri moja ya vuli, rafiki wa Begimai alipiga simu. Begimai, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa ametiwa garini kwa nguvu kwenye kituo cha basi, akapelekwa kijijini kwa kijana aliyetaka kumwoa. Akilala huko usiku mmoja tu, hata babake ataona haya kumpokea.

Kanyshai na dereva walifika kwenye nyumba hiyo jua limeshaegemea mlima. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wakichuna kondoo, wanawake wakichochea moto. Hakuna aliyewazuia wageni. Hapakuwa na haja. Juu ya kizingiti cha mlango alikuwa amejilaza bibi yake kijana huyo, Burulcha, kajifunika koti la manyoya. Anayemruka bibi kizee huondoka na laana yake.

"Mchukue," bibi alisema. "Mwambie aniruke."

Ndani, nyuma ya pazia, msichana alikuwa akilia, amefungwa kichwani kitambaa cheupe cha bibi harusi.

"Begimai, mwanangu, unakaa au unaondoka?" Kanyshai aliuliza kutoka nje.

"Naondoka. Lakini bibi..."

"Vaa viatu."

"Viatu?" Bibi alicheka. "Kimoja kilibaki barabarani."

Kanyshai hakucheka. Alijua kizingiti kinavyoonekana kutoka ndani. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa msichana, akabaki. Mume hakuwa mbaya, watoto walikua, maisha yakapita juu yake kama theluji juu ya paa. Akaketi uani, akakunja miguu.

"Bibi, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nyumba hii haina mkate?"

"Upo."

"Mbona siuoni?"

"Nyie wakamwana!" bibi aliita. Moto ulikuwa ukivuma, hakuna aliyesikia.

"Basi nitasema huko mjini, kwa Burulcha kondoo kachinjwa, na mgeni kaondoka hajaonja hata mkate."

"Una ulimi wewe, mwanamke!" Bibi akainuka huku akiguna, akashika magoti, akaenda jikoni.

Begimai akavuka kizingiti, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Dereva akamfungulia mlango, gari likaondoka.

Kanyshai hakulifuata. Mkate ulioombwa huliwa. Bibi aliporudi na sahani ya mkate na siagi, na birika la chai, aliliona pazia likiwa wazi. Alisimama. Kisha akaketi, akamimina chai.

"Umenichezea."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe unayeyajua haya, nani alikulalia mlangoni?"

"Mama mkwe."

"Hakuna mgeni aliyeomba mkate?"

Kanyshai alimega kipande, akakipaka siagi.

"Hakuna aliyekuja," alisema.