Mama Mapasa ni mmoja tu

Ninaandika polepole. Ujumbe wa simu wa wapenzi wawili wanaojibizana na kuitana ‘sheri’, niliotunga kama hadithi, ulinichukua wiki nzima. Ili nisimtaje mtu, mwanamke nilimwita Mama Mapasa, kama aitwavyo kwetu kila mama wa mapacha, nikautuma kwenye grupu ya vijana wa parokia. Nilisahau kwamba avenyu yetu ina mama wa mapacha mmoja tu, na mumewe ni askari wa Base, kambi ya jeshi.

Jioni askari alifika kwetu na simu yenye ujumbe wangu mkononi. Mkewe alikuwa nyuma yake, analia.

“Njo nani anaandikia bibi yangu ‘sheri’?”

“Minyi, papa,” nilisema nikijigusa kifua. “Nilitunga.”

“Na bibi mwenye kujibu?”

“Ni minyi tena.”

“Basi soma. Sauti zote mbili.”

Nilipofika kwenye “nakubusu, sheri”, kwa sauti nyembamba ya mwanamke, Mama Mapasa ndiye aliyeanza kucheka.