Mavazi ya Wageni

Shirika nililolifanyia kazi lilikuwa limepanga nyumba ya kuishi pale Misunkumilo, mjini Mpanda, na kuigeuza ofisi. Sebule ilikuwa mapokezi, chumba kikubwa cha kulala kilikuwa cha mkurugenzi, na jiko, ambalo kuta zake zilikuwa bado na masizi ya wapangaji waliotutangulia, lilikuwa stoo. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia wafugaji nyuki wa vijiji vya upande wa Ugalla kurina asali bila kuchoma msitu na bila kuua nyuki. Ilikuwa kazi ya maana. Nalisema hili mapema kwa sababu uchovu ninaousimulia haukutokana nayo.

Sote, isipokuwa mkurugenzi, tulikuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Mkataba ulipokaribia kwisha, mtu hakuambiwa lolote mpaka siku za mwisho kabisa, na katika kipindi hicho cha kungoja watu walibadilika tabia. Waliozoea kuuliza maswali vikaoni walinyamaza. Waliokuwa wakidai posho za safari waliacha kudai. Ruhusa za ugonjwa zilipungua, ingawa malaria haikupungua. Mkurugenzi alipenda kusema kwamba sisi ni familia, na ili nimtendee haki niseme kuwa alihudhuria misiba yetu yote, akakaa mkekani kama wengine. Hata hivyo, niliona kwamba neno hilo lilimjia hasa pale mtu alipouliza kwa nini Jumamosi imekuwa siku ya kazi.

Mradi ulikuwa umenunua mavazi ya kujikinga na nyuki: ovaroli nyeupe zenye kofia na wavu wa usoni, glavu ndefu, na gambuti. Yalipofika yaliwekwa stoo katika mifuko yake ya nailoni, na yakabaki humo. Hoja iliyotolewa ni kwamba yangeingia nta na masizi kabla wafadhili hawajayaona. Maafisa ugani waliendelea kupokezana ovaroli moja kuukuu, ambayo wavu wake ulikuwa umetoboka na kuzibwa kwa kipande cha chandarua, na shingo yake ikafungwa kwa kamba.

Aliyeivaa mara nyingi kuliko wote alikuwa afisa ugani mmoja, mwanamke ambaye wazazi wake, Wasukuma, walihamia Kakese na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake aliugua kisukari, kisha figo zikaanza kushindwa kazi, na kila mwezi alipaswa kuonwa kliniki na kupewa dawa za bei ghali. Dawa hizo zililipiwa na bima ya afya ya binti, na bima ilitokana na mkataba. Yeye mwenyewe aliniambia jambo hili bila kulalamika, kama mtu anavyoeleza nyumba yake iko upande gani wa barabara: mkataba ukiisha, kadi ya mayu, yaani mama, inakufa. Mwaka ninaousimulia, mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule wa ziara ya wafadhili.

Nilikuwepo siku alipokwenda kuomba vazi jipya. Mtunza stoo alikuwa amekaa mlangoni pake akimenya muwa.

“Kaka, nipe moja tu. Nitairudisha imefuliwa.”

“Dada yangu, hizo si za kuvaa. Hizo za wageni.”

“Kwani wageni ndio wanarina?”

“Wageni ndio wanaangalia.” Alitema makapi, akacheka. “Au unataka na mimi nifukuzwe, twende wote tukachunge ng'ombe wenu? Mimi ng'ombe nawaogopa.”

“Utachunga ndama.”

“Hata ndama.”

Akaondoka bila vazi. Mtunza stoo aliponiona namtazama, aliniambia, “Mwalimu, usinihukumu. Mimi nimekabidhiwa ufunguo, sijakabidhiwa akili.” Waliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa nimefundisha sekondari kabla ya kuajiriwa pale kufuatilia na kutathmini mradi.

Wafadhili walikuja msimu wa kurina. Asali hurinwa jioni, joto likishapungua na nyuki wakiwa wametulia. Hili lilikuwa limeandikwa hata katika mafunzo yetu wenyewe. Lakini wageni hawakuruhusiwa na taratibu zao kuwa barabarani baada ya giza kuingia, na kutoka kule msituni hadi Mpanda ni safari. Kwa hiyo mkurugenzi alipanga urinaji ufanyike mchana, ili picha zipatikane na magari yageuze mapema.

Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, mama wa Kikonongo aliyekuwa na mizinga kabla shirika letu halijazaliwa, alilipinga jambo hilo tulipofika.

“Nyie, nyuki wa saa sita hawana salamu,” alisema. “Ngojeni jua lishuke.”

“Mama, wageni wana ratiba,” mkurugenzi akamjibu kwa upole.

“Na nyuki je? Wao wamepewa nakala?”

Watu wakacheka, mkurugenzi naye akacheka, na ratiba ikabaki ilivyokuwa. Mama yule akamgeukia mwenzetu, yule afisa ugani, akamtania kama alivyozoea: “Haya Msukuma, leo umevaa kama bibi harusi. Nyuki watakujua kweli? Wao wamezoea yale matambara.”

“Watanijua kwa harufu ya maziwa,” akajibu, na kicheko kikaongezeka.

Mavazi yalikuwa yametolewa kwenye mifuko asubuhi hiyo, karibu na gari. Mikunjo ilikuwa bado imesimama kwenye mikono na magoti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa ovaroli ya namna ile. Katika ile ya zamani, mtu alivuta kamba shingoni, akafunga fundo, basi. Hii mpya ilikuwa na zipu ya kifuani na zipu nyingine mbili za wavu zilizozunguka shingo, moja kila upande, zikakutana na ile ya kifuani chini ya kidevu. Pale zilipokutana palibaki upenyo mdogo, na upenyo huo ulipaswa kufunikwa kwa kipande cha kitambaa kinachogandishwa juu yake. Nilijua haya baadaye. Asubuhi ile nilimwona mwenzetu akipapasa shingoni kutafuta kamba, akaikosa, akavuta zipu mpaka zilipogoma. Kitambaa kile kilikuwa kimekunjwa kwa ndani kama kilivyotoka kiwandani. Alituuliza kama yuko sawa, nasi tuliomzunguka, tukiona ni mweupe tangu kichwani hadi miguuni, tukamwambia yuko sawa.

Wageni walisimama mbali, nami nikiwa kati yao na mkurugenzi kama mkalimani. Mmoja wao aliuliza kama kila mtumishi ana vazi lake. Mkurugenzi akajibu kwamba kila mmoja analo. Nikatafsiri. Lilikuwa jibu la kweli, kwa maana kwamba stoo palikuwa na vazi kwa kila mmoja wetu.

Mwenzetu alifungua mzinga, akapuliza moshi, akainua sega la kwanza na kuligeuza upande wa kamera. Alipoinama kuchukua la pili, aliganda. Kisha akaliweka sega chini taratibu, kwa uangalifu ambao baadaye nilielewa ni wa kutowachokoza nyuki wakawafikia wageni, akafunika mzinga, na ndipo akaanza kutembea kuelekea vichakani huku akijipiga usoni juu ya wavu. Nyuki walikuwa ndani. Mama mwenyekiti ndiye aliyemkimbilia. Alimvuta hadi kwenye moshi wa majani mabichi, akamvua kofia, akaanza kumkwangua miiba kwa ukucha, akisema naye Kikonongo ambacho mwenzetu hakukielewa vizuri. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Midomo ilikuwa imevimba pia, na pumzi yake ilikuwa na mluzi.

Mgeni mmoja aliuliza kama hali yake ni salama. Mkurugenzi akasema ni sehemu ya kazi, na kwamba watu wa huku wamezoea. Wageni walikuwa watu wema. Walitoa dawa zao za mzio, na wakataka gari moja limwahishe zahanati. Likamwahisha. Alilazwa, pumzi ikarejea, na baada ya siku chache uvimbe ukashuka.

Aliporudi kazini aliitwa kwenye kikao cha uwajibikaji. Ndivyo kilivyoitwa, na uwajibikaji lilikuwa neno la kwanza kati ya maadili yetu yaliyoandikwa ukutani mwa mapokezi. Wafadhili walikuwa wameomba maelezo ya kilichotokea, kwa nia njema naamini, na mkurugenzi alitaka maelezo hayo yawe mafupi. Siku moja kabla ya kikao, mtunza stoo alimwendea mwenzetu nikiwapo.

“Sema zipu ilikuwa mbovu,” alimwambia. “Nitaunga mkono. Tutasema tuliletewa mali mbovu na muuzaji.”

“Na wakiikagua?”

“Nitaiharibu leo. Kazi ya koleo tu.”

Mwenzetu alicheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile. “Kaka, asante. Lakini nimechoka kutunga. Nilitunga kwa mama kwamba nimeanguka na pikipiki, mpaka sasa ananiuliza pikipiki iko wapi.”

Kikaoni, mkurugenzi aliuliza swali moja. “Ile sehemu ya chini ya kidevu, uliifunga au hukuifunga?”

“Sikuifunga.”

“Kwa nini?”

“Sikujua kama ipo.”

“Lakini wewe ndiye mtaalamu wetu wa nyuki.”

Niliomba nafasi, nikauliza kama kabla ya siku ile kuna mtumishi yeyote aliyewahi kuvaa mavazi hayo, au kuelekezwa yanavyofungwa. Na nani aliamua tukarine mchana.

“Mwalimu, tusipanue mada,” mkurugenzi alisema. “Hilo la mavazi ni suala la manunuzi, tutalipeleka kwenye kamati ya manunuzi. La saa ni suala la ratiba, na ratiba ilitoka kwa wageni. Hapa tunazungumzia usalama.”

Nikasema kwamba usalama ndio ninaouzungumzia.

“Sawa, mchango wako tumeupokea. Hapa hatumfukuzi mtu. Sisi ni familia.”

Nimelifikiria swali lile la mkurugenzi mara nyingi kuliko linavyostahili. Halikuwa swali la hila. Lilikuwa na jibu la kweli, na jibu la kweli lilitolewa, tena mbele ya watu. Kasoro yake ni kwamba liliulizwa peke yake, na kwa kuwa lilijibiwa vizuri, hapakuonekana tena sababu ya kuuliza jingine. Maelezo yaliyokwenda kwa wafadhili yalisema kwamba mtumishi hakufunga vazi lake ipasavyo, na kwamba shirika limechukua hatua za kuimarisha uwajibikaji wa mtu binafsi kazini. Niliombwa niyapitie Kiingereza chake. Nilirekebisha yaliyokuwa makosa ya lugha, na pembeni nikaandika kwamba maelezo hayajakamilika, nikataja yaliyopungua. Wafadhili walishukuru kwa uwazi wetu.

Tulipotoka kikaoni nilimkuta mwenzetu barazani akivaa kofia ya pikipiki ili aende Ugalla, maana kulikuwa na kikundi kilichokuwa kikimngoja. Nilimwambia kwamba nitalisemea tena suala lake.

“Mwalimu, wewe mwenyewe mkataba wako unaisha lini?”

Nikamwambia.

“Basi subiri kwanza,” alisema, akawasha pikipiki.

Nilisema tena, kwa mdomo na kwa maandishi, na nikajibiwa kwa heshima kila mara. Siku za mwisho za mwezi mkurugenzi alimwita mwenzetu ofisini, akamweleza kwamba bajeti ya mwaka unaofuata imepungua, nafasi yake haitaendelea, na kwamba uamuzi huo hauhusiani kabisa na tukio la msituni. Alimshukuru kwa mchango wake, na watumishi tulichangishana soda za kumuagia.

Mkataba wake haukuhuishwa. Kadi ya bima ya mama yake ilikataliwa kwenye dirisha la kliniki mwezi uliofuata. Binti amerudi Kakese, analima mpunga na kaka zake, na mama anapelekwa kliniki miezi ambayo fedha taslimu inapatikana.