Mbwa wa Guka na Jibu la Penseli

Nilisababisha kifo cha mbwa asiye na kosa, na mwenye mbwa hunishukuru kila tunapozungumza. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, na kwa sababu Jumapili inakuja na sina tena pa kujificha.

Kazi yangu ni ya ajabu kidogo. Nasomea shahada ya pili katika maabara moja upande wa Uthiru, na ninachochunguza ni vimelea vinavyoitwa Leishmania. Pengine umesikia habari za kala-azar, ule ugonjwa wa kuvimba wengu unaowasumbua watu wa sehemu kavu. Huo huletwa na Leishmania. Lakini mimi sikupewa hao maarufu. Nilipewa jamaa zao wasiojulikana, wanaoishi kwenye damu ya mijusi na wala hawana ugomvi na binadamu.

Mama alinipigia simu kutoka Vihiga akaniuliza, "Kwani hao mijusi ni wagonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Sasa wewe unatibu nani?"

Nilicheka tu, nikamuuliza habari za nyumbani. Ukitaja mijusi kwenye karamu, mtu anakumbuka ghafla kwamba hajachukua soda. Nilikuwa naishi peke yangu katika chumba kimoja, na kuna wiki niliimaliza nikiwa nimeongea na mlinzi wa lango tu. Nilizoea kuwasha redio nikiosha vyombo, nisikie sauti ya mtu.

Ndipo nikampata Guka. Mtaa mzima humwita hivyo, yaani babu. Nilikuwa natafuta ukuta wa mawe wenye nyufa na mijusi, na wake ulikuwa na vyote viwili. Zamani alikuwa dereva wa lori. Mkewe amefariki, na alikuwa akiishi na mbwa wa rangi ya majivu aitwaye Marigat, kwa kuwa alimwokota katika mji wa jina hilo, kule sehemu kavu, akiwa mdogo kama kiatu, katika safari yake ya mwisho ya kazi.

Kila Jumamosi jioni nilitega kwenye ule ukuta karatasi zilizopakwa mafuta ya nyonyo, ili zinase usubi. Usubi ni vijidudu vidogo kuliko mbu, na ndivyo vinavyobeba vimelea hivi kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Jumapili asubuhi nilirudi kuzikusanya.

"Daktari wa mijusi amefika," Guka alisema kila alipofungua geti. "Marigat, salimia daktari."

Marigat alikuja akakalia mguu wangu, mzito kama gunia, na hakuondoka mpaka nimkune.

Halafu chai. Guka aliniuliza, "Hawa wapangaji wangu wa kwa ukuta wako aje?"

"Wako sawa, Guka. Wanakusalimia."

"Waambie salamu si kodi. Walipe nyumba."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Hiyo ndiyo iliyokuwa familia yangu hapa Nairobi: mzee mmoja, mbwa mmoja, na ukuta.

Siku moja nikamkuta Marigat amekonda, manyoya yamemtoka masikioni. Guka akaniomba nimwangalie. Nimefunzwa kutoa damu, nikatoa kidogo, nikaipeleka maabara.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu, jibu la kipimo cha kwanza huandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino hushikwa baada ya kusoma vinasaba vya kimelea chenyewe, na hilo huchukua wiki kadhaa. Jibu la penseli halitoki nje ya mlango. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa siku niliyovaa koti jeupe.

Kuna sababu. Kipimo cha kwanza hakimwoni mdudu. Kinaona alama ambazo mwili umeacha ukipigana naye, na kimelea wa mjusi anaweza kuacha alama zinazofanana na za yule wa kala-azar. Hayo niliyajua. Nimeyaandikia sura nzima ya tasnifu yangu.

Jibu la Marigat lilitoka hafifu, rangi kama ya chai iliyoongezwa maji mara tatu. Nikaandika kwa penseli: *Anayo.* Na mbele yake nikachora alama ya kuuliza.

Jumapili hiyo Guka hakunitania. Mke wa mwanawe, Wanjiru, alikuwa anarudi kazini Westlands baada ya kujifungua, na mtoto angekuwa anashinda kwa babu yake.

"Sasa hii mbwa iko na nini, daktari?"

Alisema daktari. Hakutaja mijusi.

Ningeweza kusema sijui bado. Ni maneno mawili. Badala yake nikaweka kikombe chini na kuanza kueleza. Nilieleza kala-azar, nikaeleza kwamba Marigat alitoka sehemu yenye ugonjwa, na kwamba usubi akimuuma mbwa kisha amuume mtoto, basi. Nilisema, "Dalili zote ni za ugonjwa huo."

"Inaweza kushika mtoto?"

"Inaweza, Guka."

Nakumbuka sauti yangu. Ilikuwa tulivu na nzuri. Guka alikuwa ameacha kukoroga chai, ananitazama mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa anaogopa kitu nilichokisomea, nami niliona raha. Ee Mungu, niliona raha!

Alhamisi ikaja meseji: "Daktari wa mifugo amemaliza. Marigat hajalia. Asante kwa kuokoa mjukuu wangu."

Wiki tatu baadaye vinasaba vikasomwa. Hakuwa yule wa kala-azar. Alikuwa kimelea wa mjusi, yule yule wangu mpole, amekaa kwenye damu ya mbwa bila kumfanya lolote. Marigat alikonda kwa minyoo na ukurutu tu, vitu vya kutibiwa kwa dawa ya dukani.

Msimamizi wangu alifurahi sana. Kimelea wa mjusi ndani ya mbwa! Maabara yetu haikuwa imewahi kumwona huko. Nikapelekwa kwenye mkutano katika hoteli ya Westlands, nikasimama mbele ya watu na kuonyesha picha ya ile damu. Walipiga makofi. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Na mbwa mwenyewe anaendeleaje?"

"Alikufa."

"Kwa kimelea hiki?"

"Hapana," nikasema, nikaketi. Chakula cha mchana nilikila nikiwa nimesimama kando ya dirisha.

Sikurudi kwa Guka. Nilimdanganya kwamba utafiti umeisha. Yeye bado hupiga simu. Daktari, mtoto ameota jino. Daktari, kanisani nimewaambia vile ulitusaidia. Mimi huitikia tu, simu ikikatika nakaa kitandani na viatu miguuni. Nimekosa ile chai kuliko ninavyoweza kukueleza, na siwezi kuinywa.

Juzi Jumanne alipiga tena.

"Wanjiru ameniletea kambwa kadogo kutoka Karen. Nimekataa kukapatia jina. Si ukuje Jumapili ukapime? Kabla sijakazoea."

Nilisikia kitu kikilia kwa sauti nyembamba karibu kabisa na simu. Kilikuwa ndani ya koti lake. Alikuwa ameshakizoea.

Na ukuta bado upo, na mijusi, na usubi. Nikikipima leo kinaweza kutoka safi. Kikikua pale uani, siku moja kipimo chake kitatoka na ile rangi hafifu, naye Guka, kwa vile nilivyomfundisha, atampigia daktari wa mifugo.

Kwa hiyo naenda. Sibebi sindano wala chupa. Nabeba daftari, lenye ukurasa wa Marigat ambao sikuufuta. Huenda Jumapili hii ikawa ya mwisho kufunguliwa geti lile.

Wewe mwenye kazi ambayo watu wakikusikiliza wanaacha kukoroga chai, nakuomba: usipende sana kusikilizwa. Sema hujui bado, hata kama siku utakayoacha kusema hivyo ndiyo pekee utakayoitwa daktari.

Mimi nitamwekea Guka kidole kwenye ile alama ya kuuliza. Nilimsomea yote yaliyoandikwa kabla yake, alama yenyewe nikaiacha.